Albamu ya mwisho ya The Cranberries: sauti ya marehemu ikibaki studio, nani wa kuimalizia?

#1 Mleta uzi

Wakuu, amani iwe kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi asome usiku akitulia.

Naleta The Cranberries, ile bendi ya Limerick, Ayalandi. Wengi tuliokulia karibu na redio miaka ya 90 tunaujua wimbo wao Zombie hata kama jina la bendi lilitupita. Leo nauacha huo pembeni. Nataka tuizungumzie albamu yao ya nane na ya mwisho, In the End, iliyotoka tarehe 26 Aprili 2019, miezi kumi na tano baada ya mwimbaji wao kufariki. Nina sababu yangu ya kuileta, nitaisema chini.

Dolores O'Riordan alifariki ghafla London tarehe 15 Januari 2018, akiwa na miaka 46. Uchunguzi wa kifo ulihitimisha kwamba ilikuwa ajali, alizama kwenye bafu la hoteli akiwa amekunywa pombe. Nalisema hilo mara moja na sitalirudia. Magazeti yalilirudia hadi watu wakasahau kwamba mama huyu alikuwa na kazi mezani, kazi ambayo ilikuwa imefika mbali.

Ili tuelewane inabidi nirudi nyuma. Mwaka 1989 ndugu wawili, Noel Hogan wa gitaa na Mike Hogan wa besi, walianzisha bendi na mpiga ngoma Fergal Lawler. Mwimbaji wao wa kwanza akaondoka. Mwaka 1990 akaja msichana wa Ballybricken, kijiji cha nje ya Limerick, aliyezoea kuimba na kupiga kinanda kanisani. Noel akampa kaseti yenye gitaa tupu. Binti akaenda nayo nyumbani, na baada ya kama wiki moja akarudi na maneno na sauti juu yake. Wimbo huo ndio ulikuja kuwa Linger, uliowafungulia milango mwaka 1993.

Lishikeni hilo la kaseti, kwa sababu ndivyo walivyofanya kazi mpaka mwisho. Noel anatuma gitaa, Dolores anarudisha sauti. Mei 2017, wakiwa kwenye ziara ya Ulaya, walianza kutunga nyimbo mpya. Ziara yenyewe ikakatizwa kwa sababu ya maumivu ya mgongo wake, lakini utunzi haukukatika, waliendelea kutumiana kazi kwa mtandao. Ilipofika majira ya baridi ya mwaka ule, nyimbo 11 zilikuwa tayari zina sauti yake katika hali ya demo, yaani rekodi ya majaribio. Januari ikaja, akaondoka.

Sasa angalieni walivyolifanya jambo hili, maana hapa ndipo ninapowaheshimu. Baada ya maziko Noel alizipitia zile demo, akaona sauti imekamilika kiasi cha kujengewa wimbo juu yake. Hawakukimbilia studio. Walikwenda kwanza kwa familia ya Dolores kuomba baraka, wakapewa. Wakampelekea pia Stephen Street, mtayarishaji aliyetengeneza albamu yao ya kwanza na ya pili na nyingine mbili za baadaye, mtu aliyeijua sauti ile tangu binti ana miaka ishirini na kidogo. Waliingia studio London kati ya Aprili na Mei 2018, hata nusu mwaka haujapita tangu msiba.

Waliowahi kurekodi wanajua mpangilio wa kawaida. Ngoma na besi vinaingia kwanza, magitaa yanafuata, mwimbaji anaingia mwishoni akiwa na nyumba iliyokwisha kuezekwa. Kwa albamu hii ilikuwa kinyume. Sauti ilikuwepo, nyumba haipo. Piga picha Lawler ameshika vijiti vyake, kwenye vipokea sauti anaimbiwa na mtu waliyemzika Januari, na yeye anatakiwa amfuate, asimtangulie wala asimwache nyuma.

Palipohitaji sauti za kuitikia aliitwa Johanna Cranitch, dada aliyekuwa ameshafanya nao ziara na kuimba nyuma ya Dolores jukwaani. Yeye alijaza pembeni tu. Nafasi ya mbele haikuguswa na mtu, na jamaa watatu wakatangaza kwamba albamu ikitoka, jina la The Cranberries linafungwa.

Nimeisikiliza mara nyingi mno. Siyo albamu yao bora. Katikati inalegea, kuna nyimbo mbili tatu ambazo naamini Dolores mwenyewe angezirudia beti zake kama angepata muda. Lakini wimbo wa kwanza, All Over Now, gitaa likianza tu unajua uko nyumbani kwa nani, na wimbo wa mwisho, ule wa taratibu uliobeba jina la albamu, umeimbwa na mtu asiyesukuma sauti hata kidogo. Anaimba kama mtu anayemwonyesha mwenzake wimbo ulivyo kabla hawajaanza kazi. Ndivyo demo inavyoimbwa. Uzuri wake wote upo hapo, na huwezi kuupata kwa mtu anayejua kwamba anarekodi albamu.

Sababu yangu sasa. Mimi ni mwanakwaya, naimba sauti ya nne kanisani kwetu huku nyanda za juu. Mwaka jana tulianza kurekodi albamu yetu ya pili. Dada aliyekuwa anaongoza nyimbo zetu, sauti ya kwanza, aliingiza sauti yake kwenye nyimbo tatu, akifuata kinanda tu, ili sisi wengine tuje tufuatie wiki mbili baadaye. Hakufika hizo wiki mbili. Malaria ilimpanda kichwani.

Sauti yake iko kwenye kompyuta ya studio na nakala iko kwenye simu yangu. Kwaya imegawanyika. Kuna wanaosema tumalizie, kuna wanaosema tuifute, aimbe mwingine. Ndiyo maana nimekuja na albamu hii. Nasikiliza.

#2

Pole sana mkuu kwa msiba, na Mungu awatie nguvu kwaya nzima.

Mimi nitasimama upande wa pili na naomba nieleweke. Demo ni rasimu. Mimi ni mwalimu, nikifariki leo na rasimu zangu zikachapishwa, nitaonekana mwalimu asiyejua kupanga sentensi. Dolores alikuwa na haki ya kusema "hapa narudia". Umesema mwenyewe kuna beti angezirudia. Basi tumemsikia mahali ambapo yeye hakutaka asikike. Familia ikitoa baraka inatoa baraka zake, haiwezi kutoa za marehemu.

#3 Mchangiaji wa Unguja

Ahsante kwa uzi. Mimi nipo Mji Mkongwe na kwetu habari hii ina mlango mwingine, maana Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, alizaliwa hapa tarehe 5 Septemba 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara.

Queen walitoa albamu ya Made in Heaven Novemba 1995, miaka minne baada ya yeye kufariki. Nyimbo za albamu ile hazikutoka mahali pamoja, na tofauti yake itamsaidia mleta uzi.

Zipo ambazo Freddie aliziimba mwenyewe mwaka 1991 kule Montreux, Uswisi, akijua anakufa. Aliwaambia wenzake wampe maneno aimbe kadiri anavyoweza, wao watamalizia akishaondoka. Kwa wimbo wa Mother Love alishindwa kufika beti la mwisho, nguvu zilikwisha, basi beti lile akaliimba Brian May, mpiga gitaa wao. Ukisikiliza unaona wazi sauti inabadilika. Hawakuficha. Mimi kila nikifika hapo nasimamisha shughuli.

Nyengine zilichukuliwa kutoka albamu yake binafsi ya mwaka 1985. Sauti ile ile, wakaivua ala zake wakaivisha za Queen. Hapa mie sina raha. Nyimbo zile alikuwa keshazimaliza mwenyewe, keshaziuza, keshaziridhia zilivyo. Kumbadilishia nguo mtu aliyelala ni jambo jengine kabisa na kummalizia kazi aliyoianza.

Kwa hiyo ndugu yangu mwalimu wa #2, swali liwe hili: mwenye sauti alikuwa akiiendea kazi hiyo, au imeokotwa? Dolores alikuwa akiiendea. Dada wa kwaya naye vivyo hivyo.

#4 Mtayarishaji

Nafanya kazi studio, nitachangia upande wa ufundi kwa sababu watu wanadhani ni kubonyeza tu.

Jambo la kwanza kuuliza ni sauti ilirekodiwaje. Kama mwimbaji alikuwa na kinanda kwenye vipokea sauti, kipaza sauti kikachukua sauti yake peke yake, na alifuata mdundo wa kuhesabia, hapo una mali safi. Unaweza kujenga kitu chochote juu yake. Ndiyo bahati waliyokuwa nayo The Cranberries, waliachiwa sauti inayojengeka.

Kama sauti na kinanda vimeingia pamoja kwenye mkondo mmoja, kazi inakuwa ngumu. Mfano ni The Beatles. John Lennon aliacha kaseti ya nyumbani, anaimba na piano pamoja. Mwaka 1995 wenzake watatu walijaribu kuimalizia Now and Then wakaiacha, piano ilikuwa inaifunika sauti na kaseti ilikuwa na mvumo. Ilibidi ije programu ya kompyuta iliyofundishwa kutenganisha sauti na piano ndipo wimbo ukatoka Novemba 2023. Kufikia hapo George Harrison naye alikuwa amefariki tangu 2001, gitaa lake la mwaka 1995 likatumika. Waliomaliza walikuwa wawili.

Mleta uzi, nenda studio ukaombe faili la sauti peke yake, siyo lile lililochanganywa. Nakala ya kwenye simu haitoshi, hiyo imeshabanwa. Fanya hivyo wiki hii. Kompyuta za studio zinafutwa, diski zinakufa, nimeona kwa macho yangu watu wanalia mlangoni. Weka nakala sehemu tatu, halafu ndiyo mbishane.

Na jambo jingine: usimrekebishe. Programu za kunyoosha sauti zipo na kishawishi ni kikubwa. Mtu aliye hai ukimnyoosha anasikiliza anasema "hapana, rudisha". Huyu hawezi.

#5 Mleta uzi

Mtayarishaji, nimekuelewa, kesho saa nne niko pale.

Mwalimu wa #2, neno lako limenikaa. Lakini naomba nikuulize jambo moja. Rasimu ya mwandishi ameiandika peke yake chumbani. Demo ya bendi ni barua. Dolores hakujiimbia, alimwimbia Noel ili Noel ajibu. Miaka 27 ndivyo walivyoishi, huyu anatuma, yule anajibu. Barua ya mwisho ilikuwa imefika mezani kwa Noel. Angeiacha bila kuijibu?

#6

Dada yenu nipo. Dolores nimempenda tangu nina miaka kumi na nne, naomba mnivumilie kidogo.

Kuna kitu kilichoniumiza albamu ilipotoka. Watu walianza kuyachambua maneno ya nyimbo kama ya mtabiri. Wakaangalia majina: yamekwisha sasa, nimepotea, niamsheni yakiisha, mwishowe. Wakaona All Over Now unataja hoteli ya London, wakapiga mayowe kwamba alijitabiria. Jamani, wimbo ule unahusu mwanamke na mwanamume wanaopigana, na yeye alikuwa ameyaandika mateso ya nyumbani na ya moyo tangu miaka ya 90. Zombie wenyewe aliuandika kwa uchungu wa watoto wawili waliouawa na mabomu ya Warrington, Uingereza, Machi 1993, mmoja ana miaka mitatu, mwingine kumi na miwili. Mtu wa namna hiyo maneno yake yatakuwa mazito siku zote, awe karibu na kifo au mbali nacho.

Noel na wenzake walieleza kwamba alikuwa na hamu kubwa na albamu hii, nyimbo nyingi ni za kufunga ukurasa mbaya na kufungua mwingine. Mimi naisikiliza hivyo. Ukiisikiliza kama wosia unamnyang'anya miaka yote aliyokuwa anaipangia.

Na walivyoitoa pia ilikuwa na adabu. Wimbo wa kwanza waliuachia tarehe 15 Januari 2019, siku ya kumbukumbu ya mwaka mmoja. Nikiwa kazini nilivaa visikilizi, nikaenda kukaa ngazi za nyuma. Ule mkunjo wa koo lake, anavyolivunja neno katikati kisha analipandisha, pamoja na lafudhi ya Limerick ambayo hakuwahi kuificha hata alipokuwa nyota wa dunia. Sikulia kwa huzuni. Nilifurahi kwamba kuna wimbo wake ambao nilikuwa bado sijausikia.

Mwisho wa mwaka ule albamu ikateuliwa kuwania Grammy ya albamu bora ya roki. Uteuzi wao wa kwanza tangu bendi ianze! Tuzo walichukua Cage the Elephant Januari 2020, sawa. Lakini fikirieni, miaka ya 90 waliuza mamilioni kwa mamilioni ya nakala na hawakuwahi kuitwa hata mara moja, wanaitwa wakati mwenye sauti hayupo.

#7 (yule wa #2)

Dada, nimeguswa. Na mleta uzi, hiyo ya barua sina jibu lake kwa sasa.

Bado nina wasiwasi mmoja, fedha. Sauti ya marehemu inauza kuliko ya mtu hai, hilo tunalijua. Kwaya ikitoa albamu yenye dada aliyefariki, watu watanunua kwa machozi. Fedha zinakwenda wapi? Kama aliacha mama au watoto na kwaya inanunua spika mpya kwa sauti yake, hapo mimi nitalisema hadharani.

#8 Mtayarishaji

Hoja nzito hiyo. Kwa hapa Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa faida ya warithi. Kama dada alitunga hata wimbo mmoja kati ya hizo tatu, jina lake liandikwe kama mtunzi na warithi wapate chao. Kama aliimba tu, bado ana haki zake kama mwimbaji. Andikeni karatasi, wazazi wasaini, viongozi wa kwaya wasaini, kasajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Watu wa kanisani mnaaminiana sana, halafu miaka mitatu baadaye mnaacha kusalimiana.

#9 Mchangiaji wa Unguja

Niongeze dogo. Angalieni na walichokikataa The Cranberries. Wangeweza kutafuta binti mwenye sauti ya kufanana, wapo wengi mtandaoni wanaomuigiza vizuri sana, wakaendelea kuzunguka na nyimbo za zamani miaka ishirini. Walikataa. Sisemi anayefanya hivyo anakosea, kila bendi na nia yake. Nasema tu kule kufunga jina ndiko kulikonifanya niiamini albamu. Mtu anayetaka kuendelea na biashara hafungi duka.

Kwaya lakini haiwezi kufungwa, mleta uzi. Kwaya ni ya kanisa. Hapo mtapata kazi ya ziada: Jumapili ijayo nani anasimama pale aliposimama yeye?

#10 Mleta uzi

Wakuu, nimerudi. Samahani kwa kimya cha siku nne.

Nilikwenda studio. Kijana alikuwa hajafuta, Mungu ni mwema. Faili la sauti peke yake lipo kwa nyimbo zote tatu, alifuata mdundo wa kuhesabia, kama alivyouliza mtayarishaji. Nina nakala sehemu tatu.

Alinifungulia wimbo wa pili nisikilize kwa spika kubwa, bila kinanda. Sikuwahi kumsikia hivyo. Kwenye kwaya unamsikia mwenzako kutoka ubavuni, akiwa amechanganyika na wewe. Pale alikuwa peke yake, katikati ya beti la pili anakohoa kidogo, anasema "samahani, narudia", na anarudia kuanzia pale pale kwenye sauti ile ile bila kusaidiwa na mtu. Yule kijana aliniuliza kama aikate hiyo sehemu. Nikamwambia asiguse kwanza.

Mwalimu wa #2, nilikukumbuka papo hapo, maana ulisema alikuwa na haki ya kusema "hapa narudia". Dada wa watu aliitumia. Beti aliloliacha ndilo alilolitaka.

Nimewapigia viongozi wa kwaya. Tumekubaliana hakuna wa kupiga kura kabla mama yake hajasikia. Swali la dada wa kusimama mbele Jumapili bado halijajibiwa, jana tuliimba bila kiongozi, sauti ya kwanza wote walianza pamoja, na walianza juu mno.

Jumamosi tunakwenda watatu kijijini kwa mama, na spika ndogo ya kuchaji kwa sababu umeme kule unakatika. Mwalimu wetu wa kwaya ameomba tuanze na ule wenye kikohozi.